Nusu Kidonge

Wiki ya kwanza, nusu.
Daktari Oyarzún aliichora kwenye karatasi
kama mtoto achoravyo mwezi,
akasema: asubuhi, ukishakula,
na Ijumaa usije kuniambia hakuna kilichobadilika.

Mimi ni mwoka mikate. Naamka saa nane za usiku
hapa Punta Arenas, ambako upepo
humvua mtu kofia ukaipeleka Argentina.
Nikamuuliza: asubuhi ipi?
Alicheka. Mimi sijacheka tangu Machi.

Hakuna aliyekufa. Hilo ndilo lililonitia haya.
Mume ninaye, Nibaldo, kucha zimejaa girisi ya karakana,
binti yuko chuoni, deni la tanuri limekwisha,
nami nimesimama mbele ya unga
nikiitazama mikono yangu kama glavu za mtu mwingine.

Siku ya tatu, kichefuchefu.
Siku ya tano, jasho, miayo mfululizo,
mdomo mkavu kama ukoko wa juzi.
Siku ya sita usingizi ukagoma,
na katikati ya usiku huo wazo likaja,
likakaa kwenye kiti cha jikoni,
likaniita kwa jina: Eduvigis.

Nilikuwa nimeonywa. Nyuma ya karatasi ile
kulikuwa na namba, imepigiwa mistari miwili:
mwanzoni miguu hupata nguvu kabla ya moyo;
wazo likija usilitengee chai, piga simu.
Nikapiga. Nibaldo akaamka kwa sauti yangu,
akaja na soksi moja,
akakaa yeye kwenye kile kiti
mpaka kukapambazuka, na siku hizo
kunapambazuka saa nne.

Wifi yangu Hortensia akaleta mfuko wa maua ya manjano,
maua ya Mtakatifu Yohana.
Chemsha unywe, alisema, haya ni majani tu.
Majani tu! Kana kwamba sumu haijapata kuota ardhini.
Nikayapitisha duka la dawa, kwa Mansilla,
naye akaufunika mfuko kwa kiganja:
hizi mbili hazikai nyumba moja.
Zote zinajaza ndoo ileile; ikifurika
utatetemeka, homa itapanda, moyo utakwenda mbio.
Na ile ya mgongo uliyopewa mwaka juzi, bado unayo?
Ninayo.
Ilete.

Wiki ya tano nilisikia harufu ya mkate.

Basi, ni hilo tu.
Miaka ishirini na mitatu naoka,
na siku hiyo nikashika meza nisianguke.

Si furaha. Asikudanganye mtu.
Kidonge hakikunipa furaha, kiliniondolea gunia mlangoni;
kutoka nje nilitoka mwenyewe.
Na kilichukua chake: kitandani nikawa mbali,
na mazikoni kwa shangazi chozi lilikataa
huku kila mtu akinitazama.
Hayo nayo nilimweleza daktari,
nikiwa nimeangalia kalenda yake ukutani.
Aliandika. Hakushtuka.

Oktoba nikajitibu kwa kujipa cheti.
Nimepona, nikasema, nikafungia boksi kwenye droo.
Siku ya tatu, umeme kichwani:
nikigeuza macho, tss,
kama taa ya dukani inayotaka kuungua.
Nikamwaga chumvi mara mbili kwenye unga mmoja.
Nikamfokea Nibaldo kwa sababu ya kijiko.

Oyarzún hakunikaripia.
Ulipanda ngazi kidato kwa kidato, alisema,
mbona umeshukia dirishani?
Tutashuka, mwakani, kiza kikishapita,
robo kwa robo, nami nikiwa chini nimeishika ngazi.

Kwa hiyo boksi limerudi rafuni, kando ya hamira.
Bi Mimica huja saa moja kununua mikate minne,
hutikisa theluji viatuni, huuliza kila siku:
unaendeleaje?
Zamani nilijibu, vizuri.
Siku hizi namfungia mikate yake,
namrudishia chenji, nasema:
naendelea.